Reli ya Bububu irejee, hata iwe ya mezani

Wapo watakaocheka wakisikia kuwa safu hii leo inazungumzia treni za mfano, zile ndogo zinazokwenda juu ya meza au baina ya maua bustanini. Hatuwalaumu. Hata huko Ujerumani, ambako kampuni ya Märklin ilionyesha reli zake katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1891, jambo hili lilianza kuwa la watoto. Leo mafundi na wahandisi wanalifanya kwa bidii, na mjini Hamburg lipo jumba zima la treni hizo, lililofunguliwa mwaka 2001.

Lakini sisi tunayo haja yetu wenyewe. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilifungua hapa Unguja njia ya reli ya maili 7, kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu. Serikali ya kikoloni iliinunua mwaka 1911. Abiria wakapanda hadi mwaka 1922, kisha ikabakia kubeba mawe mpaka ikafa. Reli zikang'olewa. Waliopanda treni ile wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na kijana wa leo ukimwambia kuwa garimoshi lilikuwa likipita mjini, atadhani unamhadithia visa vya Abunuwasi.

Reli hiyo ilikuwa na upana wa futi 3. Reli za bustani, ambazo kampuni ya Lehmann ya Nuremberg ilizileta sokoni mwaka 1968, zina upana wa milimita 45. Gawa futi 3 kwa 20.3, utaangukia papo hapo. Kwa kipimo hicho mtu wa futi 6 anakuwa na urefu wa sentimita 9, na mwanafunzi wa useremala anaweza kumchongea behewa la kukaa.

Tatizo ni masafa. Maili 7, hata zikipunguzwa hivyo, zinazidi mita 550, na hakuna bustani ya shule itakayozimeza. Hapo ndipo kazi ya ubunifu inapoanza. Wanaoanza aghalabu hutandika duara, treni ikazunguka hadi watazamaji wakachoka. Mjenzi mwenye akili huuliza kwanza: treni hii inambeba nani, na inampeleka wapi? Kisha huchagua. Sisi tungechagua Ngome, uchochoro mmoja wa mjini, kipande cha pwani na kituo cha Bububu. Yaliyobaki yafichwe nyuma ya miti.

Bustanini msingi uwe wa kokoto au zege, wenye njia ya kupitisha maji ya masika, na mwinuko usizidi sentimita 2 au 3 kwa kila mita, kwani injini ndogo haina nguvu ya kupanda. Hewa yetu ya chumvi nayo huchafua reli na kukata umeme. Hivyo zifutwe kila mara, au injini ibebe betri yake. Ndani ya nyumba hakuna mvua, lakini kuna mchwa. Mwandishi wa safu hii aliwahi kuona kielelezo cha bandari, kazi ya muhula mzima ya wanafunzi, kikiegemezwa ukutani katika stoo ya shule moja baada ya wageni kuondoka. Mwaka uliofuata kilishikwa kikamomonyoka mikononi. Waliokitengeneza walikuwepo, wakitazama.

Kwa hiyo ombi letu kwa wakuu wa elimu na wa mambo ya kale si fedha nyingi. Kitolewe chumba kimoja kikavu chenye mwenye dhamana, na meza isiyo pana kuliko mkono wa kijana unavyofika. Picha za treni ile zilizomo katika nyaraka na katika masanduku ya majumbani zinakiliwe kabla hazijafifia. Bustani itafuata. Tuanze na Ngome, maana bado imesimama, na vijana wanaweza kwenda kuipima kwa futi kamba Jumamosi hii.