Umeme wa Taifa Usitegemee Mvua ya Bonde Moja

Mwezi Oktoba 2015 mitambo mikubwa ya umeme wa maji katika nchi yetu ilizimwa yote. Haikuzimwa kwa kuwa imeharibika, wala kwa kuwa wafanyakazi wake wamegoma. Ilizimwa kwa kuwa maji ya mabwawa yalikuwa yamepungua mno, hata hayakutosha kuizungusha. Kila mwenye kuchomea vyuma, kusaga nafaka au kushona nguo kwa ujira wa siku anajua maana ya jambo hilo: mashine ikilala, na ujira wake umelala.

Miaka kumi imepita, na mengi yamebadilika. Mwezi Aprili 2025 mtambo wa tisa na wa mwisho wa Bwawa la Julius Nyerere, katika mto Rufiji, ulikamilika, na uwezo wa bwawa hilo ukatimia megawati 2,115. Hiyo ni kazi kubwa, na sisi hatuna nia ya kuitia doa furaha ya wananchi. Lakini hebu ndugu msomaji atwae ramani ya nchi aitazame kwa makini. Mtera ina megawati 80, Kidatu 204, Kihansi 180. Mto Ruaha Mkuu hupita Mtera, ukashuka Kidatu, kisha ukauingia Rufiji kabla ya kulifikia bwawa jipya. Maji ya Kihansi nayo huingia Kilombero, na Kilombero huingia Rufiji. Kwa hivyo karibu umeme wetu wote wa maji hutoka katika bonde moja, chini ya mawingu yale yale. Mwaka ambao mvua itakataa kunyesha Usangu na Kilombero, mabwawa haya hayataweza kusaidiana, maana yatakuwa na kiu pamoja.

Hapa ndipo Sera ya Taifa ya Nishati ya mwaka 2015 inapohitaji kutazamwa upya. Sera hiyo imetaja vyanzo vingi vya nishati, lakini kutaja peke yake hakuwashi taa. Yafaa pawe na kipimo cha lazima: nguvu ya umeme wa Taifa ihesabiwe kwa kile kitakachobaki mwaka wa ukame, wala si kwa jumla ya megawati zilizoandikwa katika sherehe za ufunguzi.

Tena shauri la umeme lianzie mbali na mitambo yenyewe. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikauka majira ya kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Juu yake yako mashamba ya mpunga ya Usangu. Wapo wanaodhani dawa ni kuwafukuza wakulima na wafugaji. Sisi hatukubaliani nao. Mchele wa Usangu ndio unaoliwa na mfanyakazi wa Dar es Salaam anayelalamikia giza. Yapo maji mengi yanayopotea kwa sababu mifereji ni ya udongo, milango yake haifungi sawasawa, na maji huachwa yakitembea shambani baada ya mavuno. Kujenga mifereji hiyo kwa saruji ni kazi ya umeme sawa na kusimamisha nguzo, na fedha za umeme hazina sababu ya kuona haya kufika huko.

Tukumbuke pia gharama ya kushtukizwa. Mwaka 2006, ukame ulipozidi na mgawo ukaenea, mkataba wa mitambo ya dharura ulitiwa saini kwa haraka na kampuni ya Richmond. Mitambo ikachelewa, Bunge likaunda kamati teule, na mwezi Februari 2008 Waziri Mkuu akajiuzulu. Mwenye kiu haulizi bei ya maji, na wachuuzi wanalijua hilo kuliko sisi.

Nchi yetu haikosi pa kushika. Jua huwaka sana katika miezi ile ile ambayo mito hupungua. Umeme wa jua ukitumika mchana, maji hubaki bwawani kwa ajili ya usiku, na bwawa huwa ghala. Mradi wa Kishapu, mkoani Shinyanga, ambao umepangwa kufikia megawati 150, ni mwanzo mwema, ingawa kwa nchi pana kama hii ni mwanzo mdogo. Upepo wa Singida na joto la ardhi la Mbeya yamezungumzwa miaka mingi. Wakati wa kuyazungumza umetosha. Gesi ya Songo Songo na Mtwara, ambayo kwa miaka kadhaa ilitoa zaidi ya nusu ya umeme wetu, si safi kama jua, lakini mitambo yake itunzwe vyema iwe akiba ya mwaka mbaya.

Na njia za umeme je? Mwezi Aprili 2024 Rufiji ilifurika hata nyumba na mashamba yakazama, na mwezi huo huo, tarehe 1, hitilafu katika gridi ilitia giza sehemu kubwa ya nchi. Maji yalikuwa tele. Ndugu zetu wa Unguja walilipata somo hilo mapema zaidi: kuanzia Desemba 2009 walikaa bila umeme kwa miezi mitatu hivi, kwa kuwa kisiwa kizima kilining'inia kwenye njia moja ya chini ya bahari iliyolazwa mwaka 1980. Njia ya pili, ya megawati 100, ilikuja mwaka 2013.

Liko jambo moja linaloweza kuanza kesho, bila mkopo wala mkandarasi. Bwawa la Mtera lina alama yake: maji yakishuka hadi mita 690 juu ya usawa wa bahari, mitambo hairuhusiwi kuyachukua zaidi. Kimo cha maji ya Mtera, na cha mabwawa mengine, kitangazwe redioni na magazetini kila wiki kama zitangazwavyo bei za mazao, ili mwenye karakana na mwenye kinu wajue habari ya Oktoba ingali Juni.