Mlevi Hajaribu Kuyumba

Mpe mwanafunzi mpya wa sanaa za maonyesho nafasi ya mzee, naye ataupinda mgongo, ashike kiuno na kukohoa. Mpe ya mlevi, atayumba jukwaa zima. Hao si watu aliowaona mtaani. Ni waigizaji aliowaona kwenye runinga, nao waliiga wengine.

Dawa yake ni zoezi linalotolewa katika madarasa mengi ya uigizaji: nenda stendi, sokoni au kwenye foleni ya zahanati, ukae na daftari, utazame. Zoezi lina sharti moja gumu: andika ulichokiona, usiandike ulichokidhani. “Mama mwenye wasiwasi” haikubaliki. “Amekumbatia mkoba kifuani, kisigino kinagonga sakafu, kila basi likiingia anatazama simu” inakubalika. Wasiwasi hauigiziki moja kwa moja; mkoba unakumbatika.

Anayetazama kwa namna hiyo hugundua kwamba mlevi halisi hajaribu kuyumba. Anajitahidi mno kutembea sawasawa, na ni jitihada hiyo inayomuumbua. Mzee naye hakusudii kuinama. Kabla hajainuka kitini hutafuta kwa mkono mahali pa kujishikiza, kisha husubiri kidogo magoti yakubali. Mwigizaji akiikamata subira hiyo, kikohozi hakina kazi tena.

Lakini jicho likiona, linahitaji pia maneno ya kupangia. Rudolf Laban, mtaalamu wa mwendo aliyezaliwa mwaka 1879 katika himaya ya Austria na Hungaria, aliwaachia waigizaji maswali yanayofaa hadi leo: mwendo huu ni mzito au mwepesi? Wa ghafla au wa taratibu? Unakwenda moja kwa moja au unazungukazunguka? Ukijibu hayo matatu kuhusu muuza samaki mmoja, tayari una kitu cha kufanyia mazoezi.

Jacques Lecoq, aliyefungua shule yake ya maigizo Paris mwaka 1956, alikwenda mbali zaidi. Wanafunzi wake walichunguza wanyama, maji, moto, hata namna karatasi iliyofinyangwa inavyojikunjua. Pia waliingia katika mazingira fulani ya kazi, wakaishi na watu wake kwa muda, kisha wakarudi kuyaonyesha jukwaani.

Mfano unaowahusu wasemaji wa Kiswahili ni mwigizaji Forest Whitaker. Ili acheze Idi Amin, mtawala wa zamani wa Uganda, katika filamu ya *The Last King of Scotland* ya mwaka 2006, Mmarekani huyo alitazama picha za zamani za kiongozi huyo, akajifunza Kiswahili na kupiga kodiani, akakutana na watu waliomjua Amin nchini Uganda. Alipata Tuzo ya Oscar. Sura zao hazifanani sana, na hilo halikuharibu kitu.

Kuiga kila kitu, hata hivyo, ni kazi ya kasuku. Mwandishi wa tamthilia Bertolt Brecht alitoa mfano wa shahidi wa ajali anayewaonyesha wapita njia jinsi dereva na aliyegongwa walivyofanya. Shahidi huyo hahitaji kuwa dereva mzima. Huchukua yale tu yatakayowasaidia watu kuamua nani alikosea. Mwanafunzi aliyerudi na kurasa kumi za vituko vya stendi hulazimika kufanya hivyohivyo. Hubakiza kisigino na mkoba, na akishaamua mama yule anamsubiri nani, hata simu anaweza kuiacha.