Kutoka Pambo Hadi Chombo cha Kazi: Uanzishaji wa Biashara Ndogo ya Mikanda ya Mbwa Iliyonakshiwa kwa Shanga Jijini Nairobi

1.0 Utangulizi

Soko la Kariokor jijini Nairobi lilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi Waafrika waliotumikishwa na jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Leo eneo hilo linajulikana zaidi kwa kazi za ngozi: makubazi yaliyonakshiwa kwa shanga, mishipi ya kiunoni na mikoba. Kutokana na ufundi huohuo imezuka bidhaa nyingine inayouzwa kwa watalii, kwa wakazi wa jiji wanaofuga mbwa na kwa wanunuzi wa ng'ambo, nayo ni mkanda wa ngozi unaovishwa mbwa shingoni na kutiwa nakshi za shanga kwa mkono.

Kwa mtazamo wa haraka, hatua ya kutoka kwenye kubazi hadi kwenye mkanda wa mbwa ni fupi. Ngozi ni ileile, shanga ni zilezile, na msharasi wa kutobolea ni uleule. Makala haya yanadai kwamba hatua hiyo ni ndefu kuliko inavyoonekana. Kubazi na bangili huuzwa kwa sababu ya kutazamwa, ilhali mkanda wa mbwa, hata uwe mzuri namna gani, ni chombo cha kazi: humzuia mnyama asikimbilie gari barabarani, na huzuia mtoto wa jirani asiumwe. Fundi anayeanza biashara hii akiwa bado na fikra za pambo hujenga udhaifu mahali pawili kwa wakati mmoja, yaani ndani ya bidhaa na ndani ya bei. Udhaifu wa pili ndio unaochelewa kuonekana, na mara nyingi humwangukia mwanamke anayeshona shanga.

2.0 Mkanda kama chombo cha kazi

Mbwa anapokurupuka ghafla, mkanda hupokea mshtuko unaoweza kuzidi uzito wake mwenyewe. Mshtuko huo haubebwi na shanga wala na upana wa ngozi kwa jumla, bali na sehemu tatu ndogo: bizimu la kufungia, pete ya kufungia kamba ya kuongozea, na mshono unaovishikilia viwili hivyo. Pete iliyokunjwa tu bila kuchomelewa hufunguka taratibu kila ivutwapo. Ribiti moja pekee huweza kung'oka pamoja na kipande cha ngozi kilichoizunguka. Kwa sababu hiyo, fundi anayejali hukunja ngozi kulizunguka bizimu, huiweka pete karibu nalo ndani ya mkunjo huohuo, kisha hushona pande zote mbili za pete kwa uzi wa nailoni uliotiwa nta. Uzi wa pamba haufai, kwa kuwa mvua huuozesha kabla ya ngozi yenyewe kuchakaa.

Uteuzi wa ngozi unahitaji uangalifu zaidi. Ngozi ya mgongoni mwa ng'ombe ni imara na hainyumbuki ovyo. Ya tumboni ni laini, bei yake ni nafuu, na hurefuka ikivutwa. Mkanda uliokatwa tumboni hupendeza siku ya kuuzwa, lakini baada ya muda matundu yake hutanuka na mbwa huuvua kwa kurudi nyuma tu. Kuna pia tofauti ya usindikaji. Ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti kama vile miwati huwa ngumu kiasi, na kingo zake husuguliwa zikalainika na kung'aa. Ile iliyosindikwa kwa kromiamu huwa nyororo na hupokea rangi kwa urahisi. Zote mbili zinafaa. Hata hivyo, mwenye nia ya kuuza Ulaya hana budi kujua kwamba tangu mwaka 2015 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 3 kwa kilo moja kwa kromiamu ya aina ya sita katika bidhaa za ngozi zinazogusa mwili wa binadamu. Mkanda huvaliwa na mbwa, ni kweli, lakini kamba ya kuongozea hushikwa na mkono wa mtu.

Hapa ndipo nakshi zinapogongana na uimara. Kila ushanga unaoshonwa kwenye ngozi huhitaji tundu, na kila tundu huipunguzia ngozi nguvu. Suluhisho lililozoeleka ni tabaka mbili: tabaka la juu hubeba shanga, na la chini, lisilo na tundu lolote isipokuwa la mshono wa kando, hubeba mzigo. Tabaka la chini pia hufunika mafundo ya uzi yasisuguane na manyoya. Pamoja na hayo, kila safu ya shanga hufungwa kivyake, ili uzi ukikatika mahali pamoja isimwagike mikanda mizima ya shanga sakafuni na kumezwa na mbwa. Fundi wa bangili hana sababu ya kufikiria jambo hili, kwa kuwa bangili ikikatika, mwenyewe huokota shanga zake.

Vipimo navyo huhitaji mpangilio mpya. Urefu wa mkanda haupimwi toka ncha hadi ncha, bali toka ulimi wa bizimu hadi tundu la katikati. Mkanda wa sentimita 45 wenye matundu 5 yaliyoachana kwa sentimita 2.5 huwafaa mbwa wenye shingo za sentimita 40 hadi 50, na unafaa ukiwa umefungwa kiasi cha vidole viwili kupita kati yake na shingo. Mpangilio huu humwezesha fundi kuanza na saizi nne au tano tu, badala ya kujaza kibanda mikanda isiyomfaa mbwa yeyote mahususi.

Neno moja kuhusu paka, ambao katika miji ya pwani kama Lamu wanapendwa kuliko mbwa. Katika miji hiyo, Waislamu wengi wanafuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Mtu angeweza kudhani kwamba mkanda wa mbwa ukipunguzwa tu upana utamfaa paka. Sivyo. Paka hupanda miti na kupenya matundu, na mkanda imara ukinasa unaweza kumnyonga. Mkanda wake unatakiwa uwe na bizimu linalofunguka lenyewe likivutwa kwa nguvu. Uimara unaosifiwa katika bidhaa ya kwanza ni kasoro katika ya pili.

3.0 Saa zisizohesabiwa

Ushanga mdogo wa kioo unaotumika katika kazi hii una upana wa takriban milimita 2. Mkanda wenye sehemu ya nakshi ya urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 2.5 huchukua shanga 12 kwa kila safu na safu 150, yaani shanga 1,800. Upana ukiongezeka hadi sentimita 4 kwa ajili ya mbwa mkubwa, idadi hufika 3,000. Hesabu hii ni rahisi, lakini ni nadra kufanywa kabla ya bei kutajwa.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba ngozi ya mkanda mmoja hugharimu shilingi 250, shanga 150, bizimu, pete na ribiti 120, na uzi pamoja na gundi 30. Jumla ni shilingi 550. Mkanda ukiuzwa kwa 1,000, mwenye biashara huona amebaki na 450 na kuiita faida. Lakini ikiwa kushona shanga kumechukua saa 6, na kukata pamoja na kuunganisha saa 2, kiasi hicho ni shilingi 56 kwa saa. Mkanda mmoja katika kila kumi ukiharibika, malighafi yake hugawanywa kwa mingine na kiasi kinachobaki hushuka hadi takriban 389. Akija mchuuzi wa kati anayenunua kwa jumla kwa shilingi 700, kinachobaki ni 89, yaani shilingi 11 kwa saa, kabla ya kodi ya kibanda na nauli. Hiyo si biashara ndogo. Ni mkono wa mtu unaogawiwa bure.

Ikiwa kila saa italipwa shilingi 150, na kodi na nauli zikadiriwe kuwa 200 kwa mkanda, bei isiyo na hasara ni kama shilingi 2,000, mara mbili ya ile ya awali. Mnunuzi aliyezoea kupatana bei za mapambo huenda akaikataa. Njia iliyo wazi si kupunguza ujira, bali kupunguza nakshi. Shanga zikishonwa sentimita 15 za katikati pekee, saa za kushona huwa 3 badala ya 6, shanga hugharimu 75, na bei inayotosheleza hushuka hadi karibu shilingi 1,480. Mkanda kama huo una ngozi nyingi inayoonekana, na pengine ndivyo unavyostahili kuwa chombo.

Kwa kawaida wanaume ndio hukata na kuunganisha ngozi, nao wanawake ndio hushona shanga, mara nyingi nyumbani na kwa malipo ya kila kipande. Malipo ya namna hiyo huficha tofauti iliyoonyeshwa hapo juu: anayepewa mkanda wa sentimita 4 hufanya kazi theluthi mbili zaidi ya aliyepewa wa sentimita 2.5, na akilipwa sawa naye, tofauti hiyo huingia mfukoni mwa mtu mwingine. Malipo kwa idadi ya shanga, au kwa sentimita ya mraba, hayahitaji mashine wala mhasibu. Yanahitaji rula.

Inafaa kukumbusha pia kwamba shanga zenyewe hazitoki Kenya. Katika karne ya 19 zilifika kutoka Venice na Bohemia kwa njia ya Zanzibar na Mombasa, zikasafirishwa bara na misafara. Siku hizi hununuliwa hasa kutoka Jamhuri ya Cheki na Uchina. Shilingi ikidhoofika, malighafi inayoonekana kuwa ya kienyeji kuliko zote ndiyo hupanda bei kwanza. Zile za bei nafuu, aidha, hazilingani ukubwa, na kuzichambua ni kazi nyingine isiyolipwa.

4.0 Nakshi na wenye nakshi

Mipangilio mingi ya rangi inayouzwa kwenye mikanda hii huitwa ya Kimaasai. Katika jamii ya Wamaasai, mapambo ya shanga hueleza rika, ndoa na hadhi ya mvaaji. Kuhamisha nakshi ya shingo ya mwanamke aliyeolewa hadi kwenye shingo ya mbwa si uamuzi wa kibiashara peke yake, na fundi asiye wa jamii hiyo huenda asijue anachohamisha. Mwaka 2016 Kenya ilitunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, inayotaka jamii husika itoe ridhaa na inufaike. Biashara ya watu wawili kibandani haiwezi kuajiri mwanasheria, lakini inaweza kufanya jambo moja kati ya mawili: kubuni mipangilio yake yenyewe, au kuketi na washonaji wa Kimaasai inaowalipa na kuwauliza ni nakshi zipi hazifai kuvishwa mnyama.

Usajili wa jina la biashara na kibali cha kaunti ni taratibu zinazoeleweka, na hazihitaji kuelezwa kwa kirefu. Kinachosahaulika ni daftari. Mkanda unaorudishwa ukiwa umekatika ni ushahidi ambao mtengenezaji wa mapambo huupata kwa nadra, kwa kuwa mtalii harudi. Mwenye mbwa hurudi. Akirudi, yafaa iandikwe ngozi ilitoka sehemu gani ya ng'ombe, nani aliishona, mkanda ulidumu miezi mingapi, na palipokatika ni kwenye pete, kwenye bizimu au kwenye uzi wa shanga.