Kuhifadhi na Kusafisha Picha Mtandaoni: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kuchagua Huduma

Mwezi Julai 2012 huduma ya Kodak Gallery, iliyokuwa miongoni mwa maghala makubwa ya picha za mtandaoni nchini Marekani, ilifungwa rasmi. Huduma hiyo ilianza mwaka 1999 kwa jina la Ofoto, ikanunuliwa na Kodak mwaka 2001, na kwa zaidi ya miaka kumi familia zilipakia humo picha za harusi, ubatizo na mahafali, kisha zikaagiza nakala zilizosafishwa kwenye karatasi. Januari 2012 kampuni hiyo iliomba mahakamani ulinzi dhidi ya wadai wake kwa mujibu wa sheria ya ufilisi, na huduma ya picha ikauzwa kwa mshindani wake, Shutterfly, kwa Dola za Marekani milioni 23.8. Picha za wateja wa Marekani na Kanada zilihamishiwa kwa mmiliki mpya. Watu waliolichagua jina la Kodak kwa kulizoea tangu enzi za filamu wakajikuta wateja wa kampuni nyingine.

Tukio hilo la mbali linamgusa pia Mtanzania wa leo, ambaye albamu yake imehamia kwenye simu. Wakati wa filamu, fundi wa studio alisafisha picha na kumkabidhi mteja bahasha yenye picha pamoja na negativu zake. Familia ilipohama, albamu ilihama nayo. Sasa simu moja ikiporwa kituoni au ikitumbukia majini, miaka mitano ya maisha ya kaya huweza kupotea kwa dakika moja, zikiwemo picha za wazazi ambao hawapo tena kupigwa nyingine. Ndiyo maana wananchi wengi huweka picha zao kwenye huduma za mtandaoni, jambo ambalo ni la busara. Tatizo ni kwamba wengi huchagua huduma kwa swali moja tu: inatoa nafasi kiasi gani bila malipo?

Swali hilo si baya, ila jibu lake hubadilika. Mwaka 2013 Flickr ilitangaza kumpa kila mtumiaji nafasi ya terabaiti moja bure. Baada ya kununuliwa na kampuni ya SmugMug mwaka 2018, ilitangaza kwamba akaunti isiyolipiwa itakuwa na ukomo wa picha 1,000, na kwamba picha zinazozidi idadi hiyo zingeanza kufutwa mwaka 2019. Google Photos ilizinduliwa Mei 2015 kwa ahadi ya kuhifadhi picha bila kikomo, mradi mtumiaji akubali zipunguzwe ubora kidogo. Utaratibu huo ulikoma tarehe 1 Juni 2021. Photobucket, kwa upande wake, katikati ya mwaka 2017 iliwataka watumiaji walioonesha picha zao kwenye tovuti nyingine walipe Dola 399.99 kwa mwaka. Wafanyabiashara wadogo waliokuwa wakitangaza bidhaa kwa njia hiyo walikuta mahali pa picha zao pamewekwa tangazo la kudai malipo. Katika matukio yote hayo kampuni zilitumia haki ambayo watumiaji wenyewe waliikubali walipobonyeza kitufe cha kukubali vigezo na masharti.

Kwa hiyo swali linalopaswa kutangulia ni jinsi picha zitakavyotoka, siku mwenyewe akitaka kuondoka au kampuni ikifunga milango. Mwananchi anayechagua huduma aangalie kama inaruhusu kupakua picha zote kwa mkupuo, zikiwa na ukubwa uleule zilioingia nao, pamoja na tarehe zilipopigwa. Huduma inayomlazimu mtu kupakua picha moja moja ni sawa na ghala lenye mlango mpana wa kuingizia na tundu la kutolea. Jaribio lake halina gharama kubwa: pakia picha kumi, zipakue kwenye kompyuta au simu nyingine, kisha linganisha ukubwa wa mafaili. Ikiwa picha iliyoingia na megabaiti tatu imerudi na nusu megabaiti, huduma hiyo inafaa kutumiana picha, lakini haifai kuwa ghala.

Lipo jambo la pili ambalo limewaliza watu wengi kuliko kufungwa kwa kampuni yoyote, nalo ni kuchanganya hifadhi na ulinganishaji. Huduma kama iCloud ya Apple hulinganisha simu na mtandao: kilichopo huku huwapo kule, na kinachofutwa huku hufutwa kule. Mtu anayefuta picha kwenye simu ili kupata nafasi, akiamini nakala imebaki mtandaoni, huwa amefuta zote mbili. Google Photos nayo hufanya hivyo pale picha iliyokwisha kuhifadhiwa inapofutwa kupitia programu yake. Njia salama ni kutumia sehemu ya programu hiyo inayoondoa nakala za simu pekee baada ya kuhakikisha kuwa za mtandaoni zipo. Huduma zote mbili huweka picha zilizofutwa kwenye kapu la taka kwa muda, iCloud kwa siku 30 na Google Photos kwa siku 60 kwa picha zilizokuwa zimehifadhiwa mtandaoni. Muda huo ukipita hakuna wa kumlalamikia.

Suala la nafasi nalo lina athari ambayo wengi hawaitarajii. Gigabaiti 15 ambazo Google humpa mtumiaji bure zinatumiwa kwa pamoja na picha, mafaili na barua pepe za Gmail. Kwa picha za megabaiti tatu kila moja, nafasi hiyo hujaa zikifika takriban 5,000, na video huijaza mapema zaidi. Ikishajaa, akaunti huacha kupokea barua pepe. Mwombaji wa ajira au wa mkopo wa elimu ya juu anayesubiri taarifa kwa barua pepe anaweza kuikosa kwa sababu tu sanduku lake limejaa video za sherehe. Aidha, akaunti ya Google iliyokaa miaka miwili bila kutumiwa, au iliyozidi kiwango cha nafasi kwa miaka miwili, inaweza kufutiwa vilivyomo. Anayelipia nafasi ya ziada kwa kadi akumbuke kwamba kadi huisha muda wake. Arifa za malipo yaliyoshindikana si za kupuuzwa.

Upande wa kusafisha picha ndio wenye malalamiko mengi, na mengi kati ya hayo yanaepukika kwa hesabu ndogo. Karatasi ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15 huhitaji picha yenye pikseli 1,200 kwa 1,800 ili itoke safi kwa kiwango cha nukta 300 kwa inchi. Karatasi ya A4 huhitaji pikseli 2,480 kwa 3,508. Simu nyingi za sasa hupiga picha inayotosha ukubwa wote huo. Tatizo huanza pale picha inapotumwa studio kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, ambayo hupunguza upande mrefu hadi takriban pikseli 1,600. Kwa karatasi ndogo picha hiyo bado itapendeza. Kwa A4 ya kutundika sebuleni, sura zitatoka na ukungu, na mteja atamlaumu fundi bure. Fundi mzoefu humwomba mteja atume picha kama faili, au alete simu yenyewe na waya wake.

Kasoro nyingine ni vichwa kukatwa. Kamera za simu kwa kawaida hupiga picha kwa uwiano wa 4 kwa 3, ilhali karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ina uwiano wa 3 kwa 2. Ili picha iijaze karatasi yote, takriban sehemu moja ya tisa yake lazima ikatwe, na mashine isiyosimamiwa hukata juu na chini bila kujali nani amesimama wapi. Katika picha ya ukoo ya mlalo, wanaoumia ni warefu wa mstari wa nyuma na watoto walioketi mbele. Huduma nzuri humwonesha mteja mpaka wa mkato kabla hajalipa, au humpa chaguo la kuacha ukingo mweupe. Vilevile picha inayong'aa kwenye kioo cha simu huonekana nyeusi kidogo ikiwa kwenye karatasi, kwa sababu kioo hutoa mwanga wake na karatasi haina. Kwa oda kubwa, kama albamu ya harusi, ni vema kusafisha picha tano kwanza na kuzitazama mchana, nje.

Huduma kubwa za kigeni zinazouza vitabu vya picha na fremu hufikisha oda katika baadhi ya nchi tu, na kwa anayeishi Tanzania nauli ya kifurushi na ushuru mara nyingi huzidi thamani ya picha zenyewe. Hivyo kwa wengi uchaguzi wenye manufaa ni kugawa kazi: ghala liwe mtandaoni popote palipo na masharti mazuri, na kusafisha kufanyike studio ya karibu, ambako picha mbaya hurudishwa kwa nauli ya daladala.

Kuhusu faragha, mtumiaji atambue kwamba albamu inayogawiwa kwa kiungo inaweza kufunguliwa na yeyote atakayekipata kiungo hicho, hata kama kilitumwa kwenye kundi la wanafamilia pekee. Programu za kuhifadhi nazo hazichagui. Zikiruhusiwa, huchukua kila kilichomo kwenye folda ya picha, zikiwemo picha za kitambulisho cha NIDA, hati za kiwanja na miamala ya simu. Ni busara kuziondoa hizo kwanza, na kuiwekea akaunti uthibitisho wa hatua mbili.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu pia picha inayomtambulisha mtu, na inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Studio au kampuni inayokusanya picha za wateja inapaswa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzitumia kwa madhumuni yaliyokubaliwa. Aliyelipa kusafishiwa picha za harusi hajatoa ruhusa ya picha hizo kutumiwa kama tangazo la studio kwenye mitandao ya kijamii. Mwananchi ana haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje na kuomba zifutwe, na asiporidhika anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume. Utekelezaji ni mwepesi zaidi kwa mtoa huduma aliye nchini kuliko kwa kampuni ambayo ofisi zake na mahakama yake viko bara jingine, na hilo nalo lipimwe wakati wa kuchagua.

Linabaki suala ambalo familia nyingi hulikumbuka msiba ukishatokea: mwenye akaunti amefariki, na nywila ameondoka nayo. Google inamruhusu mtumiaji kuteua watu hadi 10 watakaoarifiwa na kupewa sehemu ya taarifa zake iwapo akaunti itakaa kimya kwa muda atakaouchagua mwenyewe, kuanzia miezi mitatu hadi 18. Apple, tangu Desemba 2021, humwezesha mtumiaji kuteua mrithi wa akaunti. Mrithi huyo hupewa ufunguo maalumu, ambao atauwasilisha pamoja na cheti cha kifo. Kwa Tanzania Bara cheti hicho hutolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Uteuzi wenyewe hufanyika kwenye mipangilio ya akaunti kwa dakika chache, na sharti ufanywe na mwenye akaunti akiwa hai.