Kumwaga oili Mwanza: ufundi bei ya chee, pesa iko kwenye galoni

"Bosi, tuweke ya galoni au ya kupima?"

Swali hilo husikika kila siku kwenye gereji za Nyakato, Mabatini na Igoma, na aghalabu huulizwa wakati boneti iko wazi na oili ya zamani inatiririka kwenye beseni. Mwenye gari hana pa kukimbilia. Gari lisilo na oili haliwashwi, kwa hiyo kilichobaki ni kufungua pochi.

Ukiuliza gharama, ufundi hutajwa mwisho, tena kwa sauti ya chini. Wakati mwingine hautajwi kabisa: "Utanitoa soda tu." Fundi wa gereji bubu anajua atakula wapi. Duka la spea alikokutuma humwekea cha juu kwenye galoni na kwenye filta, na ndiyo maana hukasirika kimyakimya mteja anapotokea na oili yake mkononi. Hapo ndipo hesabu ya mtu wa Mwanza anayeamua kumwaga oili mwenyewe nyumbani inapotofautiana na ya mwenzake wa Ulaya au Marekani. Kule mtu hukwepa ada ya fundi, ambayo ni kubwa. Huku ada ni ndogo mno. Anachokitafuta ni uhakika wa kilichoingia kwenye injini.

Chukua Toyota IST ya injini ya sentimita za ujazo 1,500, gari ambalo mtu akisimama dakika tano Barabara ya Kenyatta hawezi kulikosa. Injini hiyo hunywa lita 3.7 za oili ikibadilishwa pamoja na filta. Galoni la dukani ni lita 4. Kinachobaki ni mililita 300, na nyumbani hukaa kwenye kona ya stoo kusubiri siku ya kuongezea. Kwenye gereji hubaki palepale na galoni lake. Magari 13 yakihudumiwa, vimasalio vinafika lita 3.9: gari la 14 limepata oili bila mtu kwenda dukani.

Galoni tupu nalo ni mali. Likiwa na lebo safi na kifuniko kizima, linaweza kujazwa oili ya pipa, au oili chafu iliyochujwa, na kurudi rafuni likiwa na sura ya kampuni kubwa. Ulinzi dhidi ya mchezo huo umegawanywa kwa taasisi tatu: EWURA hutoa leseni za biashara ya vilainishi, TBS husimamia viwango, na Tume ya Ushindani hufuatilia bidhaa bandia. Mwenye gari ana silaha rahisi kuliko zote tatu. Akimaliza, achome msumari kwenye galoni.

Magari yenyewe huja na ushahidi wa nidhamu ya kwao. Fungua mlango wa dereva wa gari lililoshuka Dar es Salaam kutoka Japani, na mara nyingi utakuta kistika kidogo chenye maandishi ya Kijapani pamoja na kilomita na tarehe ya oili ya mwisho. Kinafika hadi Buswelu kikiwa kimebanduka pembe moja tu. Baada ya hapo kumbukumbu hukatika, kwa sababu gereji nyingi huandika kilomita kwa kalamu kwenye kipande cha boksi la filta, na boksi halifiki hata wiki.

Kilomita nazo hudanganya. Wengi hushika 5,000 kama amri, ilhali gari linalokwenda Kirumba na kurudi mjini kutwa, likisimama kwenye foleni ya Barabara ya Makongoro, huchosha oili haraka kuliko lililofunga safari ya Dar es Salaam. Kabla ya Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, dereva wa Geita aliyesubiri kivuko huku kiyoyozi kikiunguruma alikuwa anatumia oili bila dashibodi kuhesabu hata kilomita moja. Sasa maji hayo anayavuka kwa dakika chache.

Kuhusu aina ya oili, Mwanza ina mabishano yake. Mafundi wa zamani hupenda 20W-50, nzito, "inayoshika injini". Injini ndogo za Toyota za miaka ya 2000 zina mfumo wa VVT-i, unaosogeza muda wa valvu kwa msukumo wa oili inayopita kwenye njia nyembamba, na 5W-30 huzifikia njia hizo upesi asubuhi gari linapowashwa. Tarakimu ya kwanza hueleza mwenendo wa oili ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto. Injini iliyochoka na kula oili inaweza kustahimili nzito. Nzima haina sababu ya kunyweshwa uji.

Kazi yenyewe haizidi saa moja, ila Mwanza ina kikwazo ambacho vitabu vya Toyota havikukifikiria: mahali tambarare. Nyumba za Igogo, Bugando na Mabatini zimepandana kwenye majabali, na ua ambao gari linakaa bila kuinamia upande mmoja ni anasa. Oili ikimwagwa kwenye mteremko, nyingine hubaki sampuni, na kijiti cha kupimia husema uongo. Jeki nayo huteleza. Hakuna anayepaswa kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na jiwe, hata likiwa kubwa namna gani, si stendi.

Injini iwashwe dakika chache ili oili iwe vuguvugu, kisha izimwe. Bolti ya sampu ya IST hufunguliwa kwa spana namba 14. Zamu za mwisho ni za vidole, mkono ukivutwa haraka, maana oili hairuki wima kama watu wanavyodhani: hutoka kwa upinde, ikaangukia nje ya beseni. Filta ikitoka, itazamwe kama mpira wake umetoka nayo. Ukibaki umeng'ang'ania kwenye injini na mpya ikafungwa juu yake, oili yote inaweza kumwagika barabarani kabla ya kufika Nyegezi. Mpira wa filta mpya hupakwa oili kwa kidole, filta hukazwa kwa mkono hadi iguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Wanaokaza kwa nguvu za bega humpa kazi fundi wa mara ijayo.

Halafu inabaki beseni.

Gereji ina faida yake hapa: ina pipa, na pipa lina wateja. Oili chafu hutumika kupaka mbao dhidi ya mchwa na mbao za kumwagia zege zisishike. Mtu wa nyumbani ana lita 3.7 tu na hajui pa kuzipeleka. Mtaro ndio ulio karibu. Lakini mitaro mingi ya katikati ya jiji huishia Mto Mirongo, na Mirongo huishia ziwani, ziwa lilelile ambalo mamlaka ya maji ya jiji, MWAUWASA, huchota kutoka Capri Point na Butimba. Shirika la mazingira la Marekani hukadiria kuwa galoni moja ya oili chafu inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji.

Jiji hili linajua bei ya ziwa kuchafuka. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu, na viwanda vya minofu ya sangara vikaumia hadi zuio lilipoondolewa. Sheria ya mazingira ya 2004 na kanuni za taka hatarishi zipo. Kinachokosekana ni kitu cha kawaida kabisa: dramu lenye faneli kwenye kona ya kila sheli, ambako mwenye IST angemimina dumu lake akienda kujaza petroli.

Kwa sasa dumu hilo humsubiri fundi paa. Kisesa na Buswelu, ambako nyumba mpya zinaezekwa kila mwezi, mbao nyingi zimepakwa nyeusi kabla bati halijafika, na anayezipaka haulizi kama ilikuwa 5W-30 au ya kupima.