Kichochoro cha Ssangmun-dong

Haya, sogeeni karibu wanangu. Leo nina hadithi ya kichochoro. Si cha hapa kwetu. Ni cha Seoul, jiji kuu la Korea Kusini. Ukienda leo kukitafuta, hukioni. Kilijengwa, kikapigwa picha, kisha kikabomolewa. Hata hivyo watu wengi wanakijua kila kona yake. Wanajua nani anaishi juu, nani anaishi chini, na mlango upi haufungwi.

Kichochoro hicho kimo katika tamthilia iitwayo *Reply 1988*. Ilianza kuonyeshwa mwishoni mwa 2015 kwenye kituo cha tvN, ikamalizika Januari 2016. Ina sehemu 20. Inasimulia familia tano za mtaa wa Ssangmun-dong, kaskazini mwa Seoul, kuanzia mwaka 1988.

"Mjomba, mtaa wenyewe si upo? Kwa nini hawakwenda kupiga picha hukohuko?"

Ah, swali zuri hilo! Mtaa upo, lakini jiji halingoji. Mwaka 1988 Seoul ilikuwa imefikisha watu milioni 10, na kila mtu alitaka pa kulala. Nyumba za chini zikavunjwa, maghorofa yakapanda. Ukiweka kamera pale leo utapata magari ya leo, mabango ya leo, na kijana anapita na simu mkononi. Jiji halingoji mtu wa tamthilia aje na kamera yake. Basi mafundi wakaenda Uijeongbu, mji ulio jirani na Seoul, wakajenga kichochoro kipya. Kipya, lakini cha zamani.

"Kipya kinakuwaje cha zamani?"

Nilijua mtaniuliza! Chukua chungu kilichovunjika miaka mingi iliyopita. Kigae kimoja kimebaki kwa shangazi, kingine kimo kwenye picha ya harusi, kingine kiko kwenye gazeti kuukuu, na kingine kimo kichwani mwa bibi tu. Fundi wa tamthilia anapita nyumba kwa nyumba kukusanya vigae. Pale kigae kinapokosekana, anafinyanga kingine. Halafu anakichakaza ili kifanane na wenzake. Mlango mpya unapigwa msasa pale mikono inaposhika. Shati jipya linafuliwa, linafuliwa tena, mpaka kola inalegea. Kitambaa cheupe kinaloweshwa kwenye chai kipoteze weupe wake. Ukuta unapakwa rangi, kisha unachafuliwa kwa chini, kwa kimo cha watoto wanaopita wakiusugua kwa mabega.

Na hapa kuna siri, sikilizeni vizuri. Nyumba ya mwaka 1988 haijazwi vitu vya mwaka 1988 peke yake. Angalieni jikoni kwenu. Kuna sufuria ya mwezi jana, na kuna kinu alichopewa bibi alipoolewa. Nyumba ya kweli ina miaka mingi ndani yake. Fundi mvivu hununua kila kitu cha mwaka mmoja, na nyumba inafanana na duka. Fundi mzuri anaanza na kabati la zamani, ndipo anaweka redio mpya juu yake.

Lakini mimi napenda zaidi kitu kimoja kidogo, cheusi, kichafu. Ngoja kiseme chenyewe.

"Mimi ni yontani. Nimetengenezwa kwa vumbi la makaa ya mawe, nikashindiliwa nikawa mviringo kama mkate, nikatobolewa matundu kutoka juu hadi chini. Nyumba za Wakorea zinapata joto kutoka sakafuni, na mimi ndiye niliyewaka huko chini usiku kucha. Mama aliamka usiku wa manane kwenye baridi kuja kunibadilisha. Alimweka mwenzangu mpya juu yangu, akalinganisha matundu yetu ili moto upande. Akikosea, moto unazimika na watoto wanaamka wakitetemeka. Nikishaungua ninakuwa mweupe. Hapo wananipondaponda na kunimwaga njiani penye barafu, watu wasiteleze. Ila nina ubaya wangu. Natoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika. Sakafu ikiwa na ufa, hewa hiyo inaingia chumbani. Nimeua watu wengi."

Asante, yontani. Mnaona? Mwanzoni mwa tamthilia kuna usiku ambao sumu hiyo inaingia katika nyumba ya kina Deok-sun, familia maskini inayoishi chumba cha chini, nusu kikiwa ardhini. Wazazi wanashtuka. Wanamburuta nje dada mkubwa, wanamburuta mdogo wa kiume. Deok-sun, mtoto wa kati, wanamsahau! Anatambaa mwenyewe hadi nje. Kwa tukio hilo moja unajua nyumba ilipashwaje moto, hatari ilikuwa wapi, na mtoto wa kati alijisikiaje. Hakuna aliyesimama kutuhubiria. Yontani amefanya kazi yote.

"Mjomba, kwa hiyo ukiwa na vitu vya zamani inatosha?"

Haitoshi, mwanangu. Umeuliza vyema. Vitu vikikaa bila watu ni makumbusho. Lazima watu waishi kama walivyoishi. Jioni, akina mama wa kichochoro wanapika, kisha kila mmoja anamtuma mtoto na sahani kwa jirani. Huyu anapeleka kimchi, yule analeta mboga. Watoto wanapishana njiani na sahani mikononi, wanarudi, wanatumwa tena. Mpaka chakula kinaliwa, meza ya kila nyumba ina chakula cha nyumba zote. Huo ndio mwaka 1988 wenyewe. Huwezi kuununua kwenye duka la vitu vikuukuu. Mwongozaji, Shin Won-ho, alizaliwa 1975, kwa hiyo mwaka huo alikuwa mtoto wa miaka 13. Lakini Hyeri, aliyeigiza Deok-sun, alizaliwa 1994. Alicheza msichana wa wakati ambao yeye hakuwepo duniani!

Sasa mambo makubwa yanaingiaje katika kichochoro kidogo? Septemba 17, 1988, Michezo ya Olimpiki ilifunguliwa Seoul. Tamthilia ingeweza kutuonyesha marais na fataki. Badala yake Deok-sun anachaguliwa kubeba bango la nchi kwenye gwaride la ufunguzi. Anapewa Madagaska. Anafanya mazoezi wee, miguu inamuuma. Kisha Madagaska inajitoa, jambo lililotokea kweli, maana nchi kadhaa zilisusia michezo ile. Deok-sun analia sana. Mwishowe anaingia uwanjani, na bango alilobeba ni la nani? La Uganda! Ndiyo, hawa jirani zetu. Olimpiki nzima tumeiona kupitia msichana mmoja anayekaza mikono bango lisiyumbe.

"Mjomba, kwa hiyo vigae vyote vimo?"

Hapana. Nimefurahi umeuliza, maana wakubwa wengi hawaulizi. Tamthilia hii naipenda, lakini ni tamu mno. Dada mkubwa wa Deok-sun, Bo-ra, anaandamana na wanafunzi wenzake, na hilo limeonyeshwa vizuri. Ila karibu na Ssangmun-dong kuna mtaa wa Sanggye-dong. Kabla ya Olimpiki, maskini wa Sanggye-dong walibomolewa nyumba zao na kufukuzwa, jiji lipate sura mpya. Hao nao walikuwa na vichochoro. Hao nao walikuwa na yontani na sahani. Katika kichochoro chetu kitamu hatuwasikii.

"Basi kigae chao kiko wapi?"

Kipo. Mtu mmoja aitwaye Kim Dong-won alikwenda na kamera yake akakaa na watu hao waliofukuzwa. Mwaka 1988 akatoa filamu yake fupi, *Sanggye-dong Olympics*. Humo hakuna mwigizaji wala ukuta uliochafuliwa na fundi. Mkishakuwa wakubwa kidogo, tazameni tamthilia kwanza, mcheke na mlie na Deok-sun. Kisha tafuteni na filamu hiyo.