Breki ya Mtutu Haipunguzi Kelele

Swali linalorudiwa mno na wamiliki wapya wa bunduki za uwindaji, hasa walionunua silaha nzito kama .375 Holland & Holland na kushindwa kulistahimili teke lake, ni breki gani ya mtutu itakayopunguza teke na kelele kwa pamoja. Hakuna. Breki, yaani kifaa cha chuma chenye matundu kinachofungwa kwenye ncha ya mtutu, huigeuza gesi ya baruti, inayotoka kwa kasi kuliko risasi yenyewe, ielekee pembeni na mara nyingi nyuma kidogo, na gesi hiyo inapogonga kuta za matundu huivuta bunduki mbele, hivyo nguvu inayofika begani ikapungua. Lakini gesi hiyo hiyo ndiyo yenye mshindo, na kuirudisha nyuma ni kuuelekeza mshindo masikioni mwa mpigaji na mwa kila aliyesimama ubavuni mwake. Kinachopunguza sauti ni kiwambo cha sauti, ambacho huizuia gesi ndani ya vyumba ipoe na kupungua kasi kabla haijatoka. Aliyepewa leseni ya silaha hana udhuru wa kuvichanganya vifaa hivi viwili.

Bunduki ya uwindaji isiyo na breki hutoa mshindo wa takriban desibeli 160, ilhali kikomo kinachotumika kwa mshindo wa ghafla ni 140, na kwa kuwa kila desibeli 10 zinazoongezeka ni nishati mara kumi, breki inayoongeza desibeli 5 hadi 10 si jambo dogo. Hata hivyo bado kuna wanaoshikilia kwamba pamba yatosha, au kwamba masikio huzoea baada ya msimu mmoja. Pamba kavu hupunguza desibeli chache tu, na huko kunakoitwa kuzoea ni kufa kwa seli zenye vinyweleo katika sikio la ndani, ambazo kwa binadamu hazioti tena, wala hakuna matone, mafuta ya vuguvugu au mitishamba inayozirudisha. Anayeumia zaidi mara nyingi ni mfuata nyayo, ambaye riziki yake inategemea kusikia kijiti kikivunjika kichakani, na ambaye hakuulizwa kama breki ifungwe.

Anayeihitaji hata hivyo achague isiyo na matundu upande wa chini, kwa sababu hayo hutimua vumbi mpigaji anapolala kifudifudi. Tundu la kupitia risasi lizidi kipenyo cha risasi kwa takriban nusu milimita. Hesi ya kufungia breki kwenye mtutu ikatwe kwa mashine ya kukereza, na fundi wa silaha mwenye leseni, kwa kufuata kitovu cha tundu la mtutu badala ya uso wake wa nje, kwani viwili hivyo havilingani daima, kisha ulinganifu upimwe kwa fimbo iliyonyooka kabla ya risasi ya kwanza. Shabaha irekebishwe upya kila breki inapofungwa au kufunguliwa. Lakini hata bila breki wengi watatosheka na kitako chenye urefu unaowafaa na mpira mzuri wa begani.

Aliye na breki avae vizibo pamoja na vifunika masikio, awape wenzake wote vilevile, na asipoweza kuwapa, aifungue kabla ya kuingia porini.